Lugha Aliyobaki Nayo Baba

Mama,

Dua nimekuombea alfajiri, na nitakuombea tena nikimaliza kuandika, kwa hiyo hapa katikati niruhusu nigombane nawe kidogo. Wewe mwenyewe mtu mwenye kinyongo ulikuwa humpi hata kikombe cha chai mpaka akitoe. Basi nakitoa. Ulituficha, Mama. Kwa miaka sijui mingapi ulikaa pembeni ya Baba ukimjibia kila alichoulizwa, na sisi wanao tukala chakula chako, tukacheka, tukapanda magari yetu tukaenda zetu. Leo ni miezi kumi tangu tukuzike, na yote uliyoyafunika yamefunuka mbele yangu moja baada ya jingine. Nimekukasirikia na nimekutamani kwa pamoja, na sijui nianze na lipi.

Nianzie kwenye matanga. Siku zote tatu Baba alikaa na wanaume, kanzu yake imepigwa pasi, kilemba chake amefungwa na Nassor, na watu wakaja wengi mpaka viatu vikajaa barabarani. Kila aliyempa mkono alimpa pole kwa Kiarabu, naye akaitikia kwa kichwa. Neno hakusema. Wakasema msiba umemnyamazisha, na sisi tukasema hivyo hivyo, kwa sababu lilikuwa jambo la kupendeza kulisema juu ya mume aliyefiwa na mke wake. Ikifika sala alisali, na Fatiha yake ilikuwa imenyooka, kila herufi mahali pake. "Mtu anayesoma namna ile akili zake zimo," Nassor aliniambia, nami nikaona mdogo wangu kasema kweli.

Tukamwacha katika nyumba yenu ya Azaiba. Mpishi alikuja asubuhi na kuondoka baada ya alasiri. Nassor alipita akitoka wizarani, mimi nilikuja Alhamisi, na Ijumaa tulikusanyika wote pamoja na mkewe na watoto. Mezani pakawa na kelele kama zamani. Kiti chako kilikuwa kitupu, na sikujua kwamba palipokuwa patupu zaidi ni sikioni mwa Baba.

Unaikumbuka ile sheria yake. Mimi nilikuwa na miaka minane tulipofika Maskati kutoka Zanzibar, sina Kiarabu zaidi ya cha chuoni, cha kusomea Kurani, na watoto wa skuli walinicheka mpaka nikajifungia chooni. Baba alinitoa, akanifuta uso, akaniambia kuanzia siku hiyo mimi na yeye ni Kiarabu tu, hata nikiwa naumwa, ili asije mtu akaniambia hapa si kwetu. Jikoni kwako kilibaki Kiswahili. Huko ndiko nilikojua masengenyo, mizaha na namna ya kumsifu mtu huku unamtukana. Lakini Baba akitia mguu mlangoni, sote tuligeuza ulimi, hata wewe mbele za watu. Miaka zaidi ya hamsini, Mama, sijapata kumsemesha baba yangu Kiswahili. Kumsemesha ingekuwa kama kumvua kilemba mbele ya wageni.

Dalili zilikuwepo. Siku moja mpishi alifika akakuta gesi inavuma na jiko halijawashwa, Baba amekaa pale pale kwenye kiti, anangoja chai. Nilimkemea kwa Kiarabu, kwa upole, naye akanitazama usoni kwa makini sana, kama unavyomtazama daktari anayekueleza ugonjwa wako kwa maneno makubwa. Nikadhani ananikasirikia. Nikaenda kununua jiko la umeme, nikajiona nimemaliza kazi.

Halafu ukaja mwezi wa saba. Dereva mmoja wa teksi alimkuta barabara kuu saa sita ya mchana, hana viatu, anatembea kwenye lami ya Maskati ya mwezi wa saba. Alimpakia, akamuuliza nyumbani kwake wapi, Baba hakujibu. Alizunguka naye karibu saa nzima, akisimama kila duka kuuliza kama kuna anayemjua mzee huyu bubu. Muuza duka mmoja ndiye aliyemjua. Nyayo zilikuwa zimebabuka, Mama. Nilizipaka dawa kwa mikono yangu, naye hakusema hata ah. Alinishika tu kichwa.

Hapo ndipo swali likatukalia shingoni: Baba ataishi wapi? Kwangu Matrah ni ghorofa ya tatu na ngazi zile unazijua, wewe mwenyewe ulikuwa ukizipanda unataja wafu wako wote. Kwa Nassor kuna ngazi pia, na watoto watano, na mke ambaye ni mwema lakini ana mama yake mgonjwa. Mara ya kwanza nilipotaja nyumba ya wazee, Nassor aliniambia nishushe sauti, na tulikuwa peke yetu garini. "Watu watasema tumemtupa," alisema. Nilimjibu kuwa watu hao hao waje basi wamwogeshe.

Nikaanza kuzunguka. Mimi nilidhani nyumba ya wazee ni moja tu duniani, ile ya kutupia wazazi. Kumbe mambo haya yana namna nyingi. Yupo mtu wa kuja nyumbani saa chache, akamwogesha mzee, akampa dawa, akaenda zake, na yupo wa kukaa naye moja kwa moja. Kuna mahali wanapelekwa asubuhi na kurudishwa jioni, ili anayewalea apumue. Kuna nyumba ambayo mzee ana chumba chake na heshima yake, anashikwa mkono pale tu anaposhindwa, na kuna nyingine ya wasiojiweza kabisa, ambako kila kitu hufanywa na wauguzi. Jambo kubwa, nikaambiwa, ni kumpima mzee kwanza, ajulikane anaweza nini, maana ukimweka panapomzidi ataumia, na ukimweka chini ya uwezo wake atazimika. Nikanunua daftari, nikaandika maswali. Dawa anaamua nani, wauguzi wangapi, mlango unafungwa na nani, chakula wanakiponda au wanakikata. Yalifika ishirini na mawili. La lugha halikuwemo.

Tuliyoichagua ni jumba la Qurum, la watu binafsi, lina bustani na baraza inayopata upepo wa bahari. Chini wanakaa wanaojiweza kiasi, wanakunywa kahawa pamoja, wanapelekwa msikitini. Juu kuna mlango wa namba za siri, na nyuma yake ni wale wanaosemekana hawajijui tena. Nassor na mimi tulikuwa na hakika Baba atakaa chini. Nilikuwa nimeshachagua na dirisha.

Akaja muuguzi na karatasi zake, binti mpole, akakaa mbele ya Baba na kumuuliza kwa Kiarabu. Leo siku gani? Tuko mji gani? Hebu rudia maneno haya matatu. Chukua karatasi hii kwa mkono wa kulia, ikunje, iweke chini. Baba aliichukua ile karatasi akaishika kwa mikono miwili, akamtazama Nassor, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa kushoto kwake, goti langu linagusa lake. Ningeweza kuinama nikamwambia kwa Kiswahili, Baba, wanataka uikunje. Sikuwaza, nakuapia. Mlango ulikuwa wazi, mgeni yuko mbele yetu, na mbele ya wageni sisi ni Kiarabu. Hiyo ndiyo adabu aliyonifundisha mwenyewe, nami nikamwangusha nayo. Muuguzi akaandika, akajumlisha alama, akageuza karatasi. Nassor akatia saini. Baba akapandishwa juu.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapojilaumu.

Juma la kwanza alinishika mkono wa nguo nilipoaga, nikamwachisha kidole kimoja kimoja. Juma la pili alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ingawa aliingia kwa miguu yake. Juma la tatu nilikuta kiti kina mkanda wa kitambaa uliopita kiunoni, na midomo yake imekauka, imepasuka pembeni. Nikauliza. Nikaambiwa mkanda ni kwa usalama wake, na kwamba ana tabia ya kupaza sauti zisizo na maana, kwa hiyo daktari amemwongezea dawa ya kumtuliza. Niliona nimeambiwa jambo la kitaalamu, nikanyamaza. Nilikaa naye nusu saa nikimsomea magazeti ya Kiarabu, Mama. Nilijiona binti mwema.

Nilipokuwa nangoja lifti alinifuata mwanamke wa usafi, Mkenya, jina lake Beatrice. Alikuwa amenisikia kwenye simu nikizungumza na shoga yangu mmoja, jirani wa Matrah, kwa Kiswahili. Alitazama nyuma kwanza. "Madam, samahani, huyu mzee ni babako? Mimi nilidhani hana mtu wa lugha yake. Huyu si wazimu. Kila saa anaitisha maji. Mimi nikampea, sista akanikanya, ati si kazi yangu." Nikamwuliza anaomba vipi. Akaniambia anaomba vizuri tu, kwa Kiswahili cha kule Zanzibar, anasema tafadhali, na asipopewa ndiyo anaongeza sauti.

Lifti ilifika ikafunguka, ikafunga, ikashuka bila mimi. Nilirudi, nikasimama mbele ya kiti chake, wauguzi wawili wako pale na mzee mwingine anaangalia, na ulimi wangu ukagoma. Unaweza kuamini? Mwanamke wa miaka sitini na moja naogopa kumkosea adabu baba yangu. Kisha nikapiga magoti nikamwambia, "Baba, shikamoo. Ni mie Raya."

Alichelewa kuinua macho, dawa zilikuwa zinamvuta chini. Alipoyainua yalikuwa macho yake, Mama, yale ya siku zote. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Mimi nimekukoseeni nini?" Nikamwambia hujatukosea kitu. "Basi mbona mmeninunia nyote? Tangu mamaako aondoke hapana mtu anayesema na mie. Mnakuja, mnapiga kelele, mnaondoka. Na hawa nnawaomba maji, wananitazama tu."

Miezi yote ile alidhani tumemsusa. Kiarabu kilikuwa kimemtoka, chote isipokuwa cha sala, na hakujua kwamba kimemtoka. Alijua tu kwamba watoto wake wamegeuka, na kwamba mke wake hayupo wa kumweleza kosa lake.

Sasa naona jinsi ulivyokuwa ukifanya. Ukimsogelea na kahawa na kumnong'oneza sikioni, sisi tukisema tazama wazee wanavyopendana. Ulikuwa unamtafsiria. "Baba yenu kachoka, mwacheni." "Baba yenu anasema amefurahi." Hakuwa amesema lolote. Na pale hospitalini, ulipoanza, "Raya, nna jambo la babaako," nikakuziba mdomo kwa haraka, nikakwambia tutayazungumza ukitoka. Hilo nalo ni langu. Ulitaka kusema na mimi sikukuacha, kwa hiyo nusu ya ugomvi wangu nakusamehe na nusu naomba unisamehe wewe.

Nassor hakukubali upesi. "Wallahi Raya, kule kuna wauguzi, kuna daktari. Wewe utamweza? Nishatia saini, khalas." Nilimpeleka juu, nikamwambia asimame nyuma ya pazia asiseme. Nikamuuliza Baba yale yale ya ile karatasi, kwa lugha ya jikoni kwako. Tuko mji gani? "Maskati, kwani umepotea?" Leo siku gani? Hakuijua, akasema mtu asiyepelekwa msikitini ataijuaje Ijumaa. Nikampa karatasi, akaikunja, akaiweka chini, akaniuliza kama nimeanza tena uchezaji wa kitoto. Nassor alitoka nyuma ya pazia akilia kwa sauti, kwenye jengo la watu, na hakujali nani anamtazama.

Wakubwa wa nyumba ile, nisiwaseme vibaya, walishtuka. Walitaka kumteremsha chini na kumtafutia mtu. Nilikataa. Pengine kwa wazee wengine pale ni pazuri, na ile bustani ni ya kweli. Nimehamia Azaiba, nimelala chumba chako, na Beatrice tumembadilishia karatasi zake za kazi, yuko nasi. Anamwita Baba "Guka", yaani babu kwa lugha ya kwao, na Baba kakubali, ila kila siku anamsahihisha Kiswahili. "Si anaitisha, mwanangu. Anaomba." Beatrice anamjibu, "Sawa Guka, lakini hiyo maji utakunywa ama hutakunywa?" Miguu imerudi kidogo, anatembea mpaka mlango wa nje akishikwa. Kuna mambo hayakurudi. Ile dawa ilichukua kitu fulani, mikono inatetemeka, na wakati mwingine anakaa nusu siku hasemi Kiswahili wala chochote. Anakuulizia. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama amezisikia habari siku ile ile. Sasa akiuliza namwambia umetangulia. Anatikisa kichwa na kuuliza kama umebeba dawa zako.

Nilidhani barua itaishia hapa, Mama. Kuna jingine, na hili sijamwambia mtu.

Mwezi uliopita nilimwandikia Nassor ujumbe, nikatafuta neno la Kiarabu la kijiko, nikalikosa. Nilicheka, nikaandika Kiswahili, sisi kuchanganya ndiyo desturi yetu. Siku chache baadaye nilikuwa nazungumza na binti yangu Muna kwa simu, nikasimama katikati ya sentensi, akaniuliza mama upo? Nikamwambia mtandao mbovu. Na juzi, duka la dawa hapa Azaiba, asubuhi, hapana msongamano wala fujo. Nilimweleza yule kijana dawa za Baba, nikaeleza za kabla ya chakula na za baada, nikauliza kama ipo ya maji badala ya vidonge. Yeye ananitazama usoni, kwa makini sana. Nikarudia polepole. Akamwita mwenzake. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikatambua kwamba tangu nilipoingia sikuwa nimesema hata neno moja la Kiarabu.

Mimi niliyekuwa nikisahihisha barua za wakubwa wizarani. Nilitoka bila dawa, nikakaa garini na kiyoyozi kimewashwa mpaka mikono ikapoa.

Nikahesabu nani atanisikia. Nassor anakifahamu Kiswahili, lakini moyo wake mbovu, na tumebaki wawili. Muna hana hata neno, nami ndiye niliyemnyima, nikifuata sheria ile ile, asije akachekwa skuli. Beatrice atarudi kwao siku moja, ana watoto. Baba na mimi tutakuwa tumekaa kwenye baraza moja tunaelewana vizuri sana, na nyumba nzima inatutazama. Naogopa, Mama. Nimeogopa kiasi kwamba tangu juzi mpishi akinisemesha najifanya nimeshughulika, Nassor akija namwachia Beatrice azungumze. Nimeanza kufunika. Nimeifanya kazi hiyo siku mbili tu nikaona jinsi ilivyo nyepesi.

Ndiyo maana nimekuandikia leo. Muna anakuja kesho asubuhi kutoka kwake Qurum, nami nitamkalisha nimwambie yote, hata kama nitatafuta maneno mbele yake na aibu ikanipanda. Nitakwenda naye kwa daktari, na atakayenipima atanipima kwa lugha zote mbili. Baba sitamtoa nyumba hii maadam nina fahamu ya kusema hapana, na Muna atajua nani wa kumwita nikishindwa.

Pumzika, Mama wangu. Mungu akulaze pema, akunyweshe maji baridi huko uliko. Nakuahidi sitanyamaza. Hii nimekuandikia wewe kwa Kiswahili. Nikishaikunja nachukua karatasi nyingine, nimwandikie Muna ninavyotaka kuishi, nani aniogeshe, mlango gani usifungwe, na kwamba nikiomba maji nitayaomba hivi. Hiyo nitaiandika kwa Kiarabu, leo hii, kabla ya adhuhuri, kingali kinanijia.

Mwanao,
Raya